Je, Almanaka ya Daniel Leeds Ilistahili Kuharibiwa?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu za amani. Mimi ni mama wa Kanisa la Marafiki katika kaunti ya Vihiga. Kijana wangu ametengeneza kalenda ya ukutani ili vijana wa kanisa waiuze na kuchangia ujenzi. Ina tarehe za mikutano, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, majira ya kupanda, na pembeni ameweka nyota za kuzaliwa kama zile za magazetini. Nakala mia mbili zilikuwa zimeshachapwa wazee wawili walipoizuia, wakisema kwamba Wakwekeri wa kwanza wa Marekani waliiharibu almanaka ya mwenzao Daniel Leeds kwa kosa hilo hilo la nyota. Je, ni kweli? Na walitenda haki? Kijana amevunjika moyo, na hii ni wiki ya tatu haji ibadani.

JIBU: Dada mpendwa katika Kristo, wazee wenu hawakubuni habari hiyo. Hata hivyo wameisimulia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu zaidi kijana wako.

Daniel Leeds alikuwa Rafiki, yaani Mkwekeri, aliyehama Uingereza na kukaa Burlington, katika koloni la West Jersey, ambako alifanya kazi ya kupima ardhi. Almanaka yake ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1687, nayo ilichapwa na William Bradford, mchapaji wa kwanza wa Philadelphia, ambaye naye alikuwa Rafiki. Usidhani kwamba almanaka ya siku hizo ilikuwa kitu cha anasa. Katika nyumba nyingi za walowezi ndiyo iliyokaa karibu na Biblia, kwa kuwa humo mkulima aliona mwezi utaandama lini, baharia aliona maji kujaa na kupwa, na kila mtu aliona siku za mahakama, za magulio na za mikutano ya ibada. Lakini almanaka nyingi zilichanganya hesabu hizo na unajimu, yaani madai kwamba nyota hutawala mwili na bahati ya mtu, na baadhi yake zilikuwa na picha ya mtu aliyesimama wazi, amezungukwa na zile alama kumi na mbili za nyota, Kondoo akishika kichwa, Simba moyo, na Samaki nyayo.

Marafiki waliona makosa mawili katika kazi ya Leeds, nami naomba tusiyachanganye, maana hayana uzito sawa. La kwanza ni huo unajimu. La pili ni majina ya siku na miezi. Marafiki walishika agizo la Kutoka 23:13 la kutoyataja majina ya miungu mingine, na kwa Kiingereza Jumatano hubeba jina la mungu Woden, Alhamisi la Thor, na mwezi Machi la Mars, mungu wa vita wa Warumi. Kwa hiyo walisema Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, Mwezi wa Kwanza, Mwezi wa Pili, wakianzia Machi hadi kalenda ya Uingereza ilipobadilishwa mwaka 1752. Hata kikao kilichoundwa London mwaka 1673 kupitia maandiko ya Marafiki kabla hayajachapwa kilijulikana kwa siku yake, Mkutano wa Asubuhi wa Siku ya Pili, yaani Jumatatu.

Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tumepewa neema ambayo wale hawakuwa nayo. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni hesabu tupu, na wazee wa pwani walihesabu hata miezi baada ya Ramadhani kuwa Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa. Wamishonari wa Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 walikuta watu wa pwani wameshazoea kuhesabu siku, ingawa hesabu yao huanzia Jumamosi na ile ya Marafiki huanzia Jumapili. Basi kwa upande wa majina ya siku, kijana wako hana kosa lolote. Na kama mzee atataja Januari na Machi, ambayo kweli ni majina ya miungu ya Kirumi, msomee Matendo 28:11. Luka anaandika bila woga kwamba chombo alichosafiri nacho Paulo kilikuwa na alama ya Ndugu Pacha, ambao ni miungu ya mabaharia wa Kiyunani. Kulitaja jina ili msomaji aelewe si kuliabudu, na kwa jambo hili naamini Marafiki wa Philadelphia na Burlington walimbebesha ndugu yao mzigo ambao Maandiko hayakumtwika.

Kuhusu unajimu walikuwa sahihi, na siwezi kulainisha neno hilo. Mwanzo 1:14 inasema mianga iliwekwa iwe dalili na majira na siku na miaka, kwa hiyo kuhesabu mwandamo wa mwezi au kungojea mvua ya masika kwa kutazama anga ni kuisoma kazi ya Mungu. Lakini Yeremia 10:2 inatukataza kushangaa kwa ajili ya ishara za mbinguni kama mataifa wanavyofanya. Anayemwambia binti kwamba kwa kuwa nyota yake ni Nge asifunge ndoa mwezi huu, ameitoa ahadi ya Mungu mikononi mwa Mungu na kuikabidhi kwa kitu kilichoumbwa.

Sasa nusu ile ambayo wazee hawakuisimulia. Leeds alipokemewa, hakufanya kiburi. Alikwenda mbele ya mkutano akaomba radhi. Hata hivyo, agizo lilitolewa nakala zilizobaki zikusanywe na kuharibiwa. Mwaka 1688 alitoa kitabu kilichochota mafundisho ya Jacob Boehme, mwandishi wa mambo ya siri ya kiroho kutoka Ujerumani, nacho pia kikazuiwa. Ndugu aliyeomba msamaha akaona msamaha haukufungua mlango wowote. Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa, anawasihi wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni iliyozidi (2 Wakorintho 2:7). Katika habari za Leeds nimetafuta faraja hiyo, sikuiona.

Kilichofuata ni cha kusikitisha kwa pande zote. Kati ya mwaka 1691 na 1692 George Keith, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Marafiki mjini Philadelphia, aliwalaumu wenzake kwamba wanasisitiza Nuru ya ndani, yaani nuru ya Kristo iliyomo moyoni mwa kila mtu, na kumsahau Kristo aliyekuja katika mwili, na jumuiya ikapasuka. Bradford akakamatwa mwaka 1692 kwa kuchapa maandishi ya Keith, na vifaa vyake vikachukuliwa. Inasimuliwa kwamba fremu ya herufi za risasi za kuchapia ililetwa mahakamani iwe ushahidi, na mmoja wa wazee wa baraza waliosikiliza kesi alipoigusa ili aisome, herufi zote zikamwagika sakafuni. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi ushahidi wa ugomvi wa ndugu ulisambaratika mbele ya macho yao wenyewe. Mwaka 1693 Bradford alihamia New York, na Marafiki wakapoteza mchapaji wao.

Leeds naye alijitenga nao, akaingia upande wa Kanisa la Kianglikana, na kuanzia mwaka 1697 akatoa vitabu vya kuwashambulia Marafiki, akipanga maneno ya waasisi wao ili kuonyesha yanavyopingana. Mwaka 1700 Rafiki mmoja, Caleb Pusey, alimjibu kwa kitabu ambacho tangu jina lake kilimwita mtangulizi wa Shetani. Tazama umbali huo, dada yangu: miaka kumi na mitatu tu kutoka kwa mpima ardhi anayeomba radhi mbele ya ndugu zake hadi kwa adui anayeitwa mjumbe wa Ibilisi. Simwondolei Leeds lawama, kwa maana kalamu yake ilikuwa kali na aliitumia kuwaaibisha watu waliomlea. Lakini karatasi zile zilizoharibiwa hazikuuzuia hata unajimu wenyewe. Leeds aliendelea kutoa almanaka kwa miaka mingi, na baada yake mwanawe Titan akairithi kazi hiyo, hata ikafika siku za Benjamin Franklin, mchapaji wa Philadelphia, ambaye katika almanaka yake ya mwaka 1733 alimtabiria Titan kifo kwa mzaha ili kupata wasomaji.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya wazee wale wa kale ni hii: walikuwa na haki ya kukataa jina la Marafiki lisitumike kueneza unajimu, na walikosa walipoishughulikia karatasi kwa bidii kuliko walivyomshughulikia mtu. Bwana wetu katika Mathayo 18:15 anamtuma ndugu amwendee ndugu wakiwa wawili peke yao, na shabaha anayoitaja ni kumpata nduguyo.

Kalenda ya kijana wako si dhambi. Tarehe, mwezi na majira ya kupanda vibaki. Nyota za kuzaliwa ziondolewe, nawe umweleze sababu bila kumdhihaki, kwa kuwa pengine aliziweka kwa kuwa ameziona kila mahali. Umesema zipo pembeni. Basi ukanda ule unaweza kukatwa kwa mkasi katika nakala zote mia mbili bila kugusa tarehe hata moja, na ingependeza sana kama wazee wale wawili wangeketi mezani na kijana na kushika mikasi pamoja naye. Kalenda ya mwakani aipeleke kwao ingali rasimu, nao waisome na kumjibu mapema, kabla hajalipa mchapaji.

Lakini kabla ya mkasi, mmoja wao aje nyumbani kwako wiki hii. Akifika asianze na kalenda. Amwulize kijana hali yake, amwombee, na amwambie kwamba nafasi yake ibadani iko wazi. Waonyeshe wazee jibu hili, na uwaambie kwamba ombi hilo nimelitoa mimi.