DT175 ya kupanda Amani: ziba injini kwanza, nguvu baadaye

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Kwa wanaoingia sasa: umenunua pikipiki ya Yamaha DT175 ya mnadani, umeifikisha Muheza, inawaka vizuri ila mlimani inachoka. Fundi anasema ili ipande mlima wa Amani apanue matundu ya bloku, afunge kabureta kubwa na akate egzosi. Halafu ang'oe pampu ya oili ili uwe unachanganya mwenyewe kwenye tangi. Mimi nimeishi na hizi Yamaha za tu-stroku miaka mingi hapa Tanga, tangu AG100 walizokuwa wakitembelea mabwana shamba, nazifungua na kuzifunga mwenyewe uani kwangu Ngamiani. Jibu langu kwa yote manne ni usikubali. Bado hujajua injini yako ina afya gani, na ukiongeza nguvu kwenye injini inayovuja unaiua haraka zaidi.

Hii ni tu-stroku, siyo injini ya foostroku kama ya Boxer. Haina vali juu. Chumba cha krenki, pale chini ya pistoni, ndicho kinachofanya kazi ya pampu. Pistoni ikipanda, kinavuta hewa, petroli na oili kutoka kwenye kabureta. Pistoni ikishuka, kinausukuma mchanganyiko huo juu kupitia matundu ya pembeni ya bloku. Kwa hiyo chumba kile kikipata upenyo wowote, nguvu inapungua, na hapohapo inaingia hewa ya wizi isiyo na petroli wala oili. Joto linapanda, pistoni inatanuka, inakwaruzana na bloku mpaka injini inajam. Na mlima wa Amani ndio mahali pabaya kuliko pote kwa hilo: unavuta moto mwingi (unafungua sana mkono wa mafuta), unakwenda polepole, upepo wa kupoza silinda ni kidogo.

Upenyo wenyewe huwa sehemu tatu. Kwanza ni mpira unaoshika kabureta. Jua letu linaukausha, unapasuka nyufa ndogo usizoziona mpaka uukunje kwa kidole. Pili ni sili ya krenki (mpira wa kuzuia uvujaji) upande wa magineto, panapotengenezwa umeme wa plagi. Hii ikichoka inavuta hewa, na utaijua kwa sababu ukiachia moto injini inaendelea kulia juu kidogo kabla ya kushuka. Tatu ni sili ya upande wa klachi, na hii haivuti hewa ya nje, inanyonya oili ya giaboksi. Moshi unakuwa mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto, na oili ya giaboksi inapungua bila tone kudondoka chini. Kama kwenye giaboksi unaongeza oili kila mara na huoni inakokwenda, umeshapata jibu.

Sasa namna ya kupima nyumbani, maana hapa ndipo ningependa utumie jioni yako nzima. Tafuta kipimo cha presha ya damu cha mkono, kile chenye saa na mpira wa kubonyeza. Maduka ya vifaa vya hospitali wanavyo, na chakavu kinatosha ilimradi saa yake inasoma na mpira hauvuji. Toa egzosi, ziba tundu lake kwa kipande cha mpira wa tairi na bati lililobanwa kwa bolti. Toa kabureta, kwenye ule mpira wake ingiza kizibo cha mti ulichotoboa katikati, pitisha mrija wa kipimo, kaza klipu. Plagi iache mahali pake. Zungusha krenki mpaka pistoni iwe chini kabisa ili matundu ya pembeni yawe wazi, na chumba cha juu na cha chini viwe kitu kimoja. Ni muhimu upulizie kutoka upande wa kabureta. Ukipulizia kwenye tundu la plagi, vile vibati vya ridi (vali nyembamba za mlango wa kabureta, zinazoruhusu kuingia tu) vitajifunga na mpira wa kabureta hautapimwa kabisa.

Bonyeza taratibu mpaka saa isome 300, usizidishe. Hiyo ni kama psi 5.8, na inatosha. Ukitumia pampu ya baiskeli kwa pupa utazisukuma sili zitoke kwenye viti vyake. Kisha tazama saa ya mkononi. Ikipungua kwa kiasi kisichofika 50 kwa dakika moja, yaani ikibaki juu ya 250, injini imeziba, endelea na mengine. Ikishuka kwa kasi, paka maji ya sabuni kila kiungo: mpira wa kabureta, gasketi ya chini ya bloku, gasketi ya hedi, kuzunguka plagi. Povu litakuonyesha. Kwa sili ya magineto itabidi utoe gurudumu la magineto, na tafadhali tumia puli yake (kifaa cha kulivutia nje), usipige nyundo, krenki inapinda. Kwa sili ya klachi, fungua kifuniko cha kujazia oili ya giaboksi usikilize, utasikia hewa inapumua ndani.

Ukikuta imeziba na bado haina nguvu, fungua bloku upime. Ikibidi kuchongwa na kuvishwa pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali), mpelekee fundi wa leti, yule wa mashine ya kuchonga vyuma, pistoni mpya mkononi, achonge kwa kipimo cha pistoni ile, na mkumbushe kitu ambacho wengi wanaozoea bloku za foostroku wanakisahau: kingo za matundu zilainishwe baada ya kuchonga. Zikiachwa kali, ringi inanasa kwenye tundu na kukatika. Wewe mwenyewe hakikisha ncha za kila ringi zimekaa kwenye pini yake, na klipu za pini ya pistoni ziwe mpya. Klipu ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzima.

Chujio la hewa. Hapa kwetu kuna vumbi jekundu la mashamba ya mkonge, na kwenye tu-stroku vumbi linalopita chujio haliishii kwenye silinda tu, linapitia beringi za krenki kwanza. Sponji ioshe kwa mafuta ya taa, halafu sabuni na maji, ikauke kivulini, ipake oili na uikamue. Petroli inayeyusha gundi ya sponji, usiitumie. Kila ukirudi safari ya vumbi fanya hivyo.

Kuhusu pampu ya oili, hapa ndipo sikubaliani kabisa na fundi wako. Mfumo huu Yamaha waliuita Autolube na waliuanza miaka ya 1960. Pampu inazungushwa na injini, na inatoa oili kidogo hata ukiwa umeachia moto. Fikiria unateremka kutoka Soni hadi Mombo, gia inashikilia pikipiki, mkono wako hauvuti moto, injini inazunguka kwa kasi. Kama oili imechanganywa kwenye petroli, ukifunga petroli umefunga na oili. Wanaochanganya inabidi kila baada ya muda wabane klachi na kuvuta moto kidogo ili injini ipate kulainika. Pampu inakuondolea kazi hiyo. Cha kufanya ni kukagua waya wake kama alama zinakutana ulivyoelekezwa kwenye kitabu, na kutoa hewa kwenye mrija kila unapoufungua. Siku ya kutoa hewa, weka petroli iliyochanganywa kwenye tangi kwa tahadhari: kwa uwiano wa 32 kwa 1, lita 5 zinahitaji mililita 156 za oili.

Oili yenyewe iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO FC au FD. Nasema hivi kwa sababu pwani hii ni rahisi kupata oili ya mashine za boti, wavuvi wa Sahare na Deep Sea wanaitumia, na imeandikwa TC-W3. Ile imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji, zisizopata joto kama DT yako. Kwenye boti ni nzuri. Usiiweke.

Egzosi usiikate. Lile tumbo lake pana halikuwekwa kwa urembo. Mshindo wa moshi unafika mwisho wa tumbo, unagonga na kurudi, na ukirudi unausukumia ndani ya silinda mchanganyiko mpya uliotaka kutoroka. Ukikata unapata kelele na kupoteza nguvu ya chini, ambayo ndiyo unayoitaka mlimani. Badala yake isafishe. Pikipiki ya mnadani mara nyingi imejaa masizi, hasa kile kibomba cha ndani cha nyuma na tundu la egzosi kwenye bloku. Kwenye bloku shusha pistoni chini, kwangua kwa kijiti cha mti. Usitumie kostiki soda mahali penye aluminiamu, inaila.

Nguvu unayoitafuta iko kwenye sproketi. Punguza jino moja la mbele. Ukitoka 15 kwenda 14, gia zote zinakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 7, na jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Utapoteza mwendo kidogo kwenye lami ya Tanga-Muheza, ila kule juu itapanda bila kulazimishwa. Kabureta iache ya kiwandani. Ukipanda hewa inakuwa nyepesi, mchanganyiko unazidi petroli kidogo, na hilo halidhuru. Cha hatari ni mtu kupunguza jeti (kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta) akiwa Lushoto kisha akateremka nayo hivyohivyo hadi pwani. Plagi usiweke ya moto zaidi ili kukwepa masizi. Kwa plagi za NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa hiyo kutoka 8 kwenda 7 ni kwenda kwenye joto.

Ukiiegesha muda mrefu, funga petroli, kausha bakuli la kabureta, ziba mdomo wa egzosi kwa kitambaa. Unyevu wa chumvi unaingia na kuzila beringi za krenki kimyakimya.

Anza na ule mpira wa kabureta. Ukunje, upige picha, piga na picha ya plagi baada ya kupanda kilima chochote na kuzima palepale juu, uweke zote mbili hapa. Ukisema na saa ya presha imeshuka kwa kiasi gani, nitakuambia kama kuna haja ya kufungua injini.