Mwanamke wa kwenye lebo

Nilianza kutengeneza sabuni ya maji uani kwetu Tandika, na pipa moja, mwiko na mzani wa kuazima. Lebo niliichora mwenyewe: "Chaguo la Mama", mwanamke kajifunga kanga anaosha vyombo. Sikujiuliza mara mbili. Nani mwingine angeosha vyombo?

Mwaka wa tatu madumu ya lita 5 yakaanza kulala dukani. Nikadhani ni ukata, nikashusha bei. Wapi! Hadi siku moja kijana wa bodaboda, mteja wangu wa kila wiki, akanichana: "Dada, sabuni yako kali, ila hii lebo naibandua nikifika geto. Washkaji wananicheka." Nikamuuliza anaitumia kwenye nini. Nguo, vyombo vyake viwili vitatu, na pikipiki kila asubuhi.

Wiki hiyo nikaomba kigoda dukani kwa Mangi, nikakaa na daftari, kila anayechukua sabuni yangu nampigia mstari. Vijana wa magetoni. Mama ntilie. Waosha magari. Dada wa saluni anayefua taulo. Mama wa nyumbani walikuwepo pia, ila wengi sasa wana vibarua mjini, wananunua chupa ya nusu lita wakirudi jioni. Mtaa mzima ulishahama, na mimi bado naongea na yule mwanamke wa kwenye picha.

Kwa hiyo ukiniuliza ushauri, kabla hujamlipa mtu wa kukuchorea nembo mpya, kaa siku tatu pale bidhaa yako inaponunuliwa. Usiulize sana, maana watu wana adabu, watakusifia. Tazama mikono yao.

Hata wakubwa hujifunza hivyo. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Kenya na Safaricom Machi 2007, ilifanyiwa majaribio kuanzia 2005 kama njia ya kurejesha mikopo midogo. Wale wa majaribio wakaanza kuitumia walivyotaka wao, mmoja akimrushia mwenzake pesa. Ilipoingia sokoni, tangazo halikutaja mkopo. Liliwaambia watu watume pesa nyumbani. Kijana yuko Nairobi, mama yuko kijijini, na zamani bahasha ilipitia mkononi mwa kondakta wa basi. Hali ile ilikuwepo kitambo, tangazo ndilo lililochelewa kufika.

Ila somo lililonifaa zaidi nimelitoa kwenye kanga, nguo niliyoichora kwenye lebo bila kuitazama. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina, yaani yale maneno yake. Kule Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla", limekuwa likiuza leso, ndivyo wanavyoiita kanga kule, tangu karne ya 19, na wengi hulitaja kuwa ndilo lililoanzisha kuandika majina juu yake. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye wasomaji walipobadilika yakaja ya Kirumi. Obama aliposhinda mwaka 2008, naye akaingia kwenye kanga. Jina hubadilika kila msimu, mafumbo ya mitala, ya jirani, ya siasa. Pindo halichezewi, na doti ni doti.

Mimi nilichezea vyote kwa pamoja. Baada ya yule bodaboda nilipagawa, nikafuta mwanamke, nikafuta rangi ya kijani, nikaweka pikipiki na msemo wa vijana uliokuwa unatamba mitandaoni. Msemo siutaji hapa kwa aibu. Miezi minne baadaye hakuna kijana aliyeutamka tena, na mimi nina lebo 2,000 kabatini. Kibaya zaidi, mama mmoja aliyenunua kwangu tangu siku za pipa alirudisha dumu akisema ameuziwa feki. Hakuiona rangi yake. Nilimwonjesha harufu, nikaapa, hakuamini.

Sasa kijani kimerudi kwenye chupa zote. Maneno ndiyo yanayotofautiana: ya nusu lita inataja nguo na pikipiki, dumu la lita 20 linaongea na mama ntilie kuhusu masufuria yenye masizi. Misemo ya vijana naiacha kwenye status ya WhatsApp, kule inakufa baada ya saa 24 bila hasara. Na bei naiweka hapohapo. Ule mtindo wa "njoo inbox" watu wameuchoka, wanahisi unawapima mfuko kwanza.

Kuhusu mifuko: Tanzania ilipopiga marufuku rambo, ile mifuko ya plastiki, Juni 1, 2019, nililalamika kama wengine. Ndipo nikachapa jina kwenye mfuko mbadala. Rambo ilitupwa njiani, huu unarudi sokoni kila Jumamosi ukiwa na nyanya ndani, jina langu nje.

Daftari bado ninalo, naenda nalo kwa Mangi kila baada ya miezi mitatu. Juzi mzee mmoja mstaafu alichukua chupa mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama inafaa kufulia kanzu nyeupe, maana bibi yuko Ifakara kwa mjukuu na hajui atarudi lini. Nikamwambia aloweke kwanza. Alipoondoka nikafungua ukurasa mpya.