Namba ya mradi, ya nini kama hawanijui?

SWALI: Zana ninayojengea tovuti imeniandikia kwamba inakusanya takwimu za matumizi bila kumtambulisha mtu. Papo hapo inasema kila mradi una namba yake. Je, si kunichezea shere?

JIBU: Hata mimi niliguna nilipokutana na ujumbe kama huo, nikafungua msimbo wa zana ninayotumia kuuchungulia. Namba ni ya kuhesabia. Bila hiyo, ukiendesha amri moja mara 100 huwezi kutofautishwa na miradi 100.

Nilichokikuta ni hiki: zana inasoma anwani ya hifadhi yako ya Git (mahali msimbo wa mradi na historia yake vinapotunzwa), inaipitisha kwenye SHA-256, yaani kanuni ya hesabu inayogeuza maandishi kuwa kifungu cha urefu uleule daima, kinatoka kifungu cha herufi na tarakimu 64. Hicho ndicho “namba” ya mradi. Kifungu hicho hakigeuzwi kikarudi kuwa anwani. Lakini kinaweza kubahatishwa! Mwenye orodha ya anwani za hifadhi za wazi atazipitisha zote humo, kisha alinganishe. Ndiyo maana wengine hutia kwanza “chumvi”, yaani maandishi ya nasibu yanayobaki kwenye kompyuta yako. Hapo kubahatisha kunakwama, ila wewe na mwenzako wa mradi uleule mtahesabiwa kama miradi miwili. Binafsi naona hesabu iharibike tu, siri ibaki.

Yako ina chumvi? Tazama msimbo, kama uko wazi. Ukitaka kuzima, mara nyingi ni mstari mmoja; kwa mfano, kwa .NET (zana za Microsoft za kujengea programu), weka DOTNET_CLI_TELEMETRY_OPTOUT=1 kabla ya kuendesha amri.