Ndama mfanyie sasa, mtamba mwache

Mkuu, umeuliza kama ndama wako wa wiki 5 na mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) wa mwaka na nusu unaweza kuwatoa pembe siku moja, kwa msumeno uleule. Nakuomba sana usifanye hivyo. Mimi nilifanya, huku Rungwe, na yule mtamba nusura nimpoteze.

Ndama wa umri huo pembe yake haijashikana na fuvu. Ni kinundu tu, ukikigusa kinacheza na ngozi. Ikipita miezi 2 hivi kinashika mfupa, na mnyama akiendelea kukua, uwazi wa ndani ya paji la uso unapanda hadi kwenye pembe yenyewe. Kwa hiyo ukimkata mkubwa unafungua tundu linaloingia kichwani. Wangu tulimfunga kamba watu wanne, bila ganzi, fundi akakata. Damu iliruka ikafika ukutani. Baada ya siku chache akaanza kuinamisha kichwa upande mmoja, usaha ukamtoka puani, na kwa kuwa ilikuwa masika, nzi wengi, funza wakajaa tunduni. Alipona, lakini kila nikiingia bandani alirudi nyuma, na zamani alikuwa akinilamba mkono.

Kwa ndama, mwite daktari wa mifugo aje na lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2. Atachoma mililita 5 hivi kila upande, kati ya kona ya nje ya jicho na kinundu. Msubiri dakika 10, kisha ajaribu kwa ncha ya sindano kuzunguka kinundu. Ndama akishtuka, ganzi bado. Hapo ndipo wengi wanapokosa subira, na mateso yote ya mnyama yanaanzia hapo. Ganzi ikishika, chuma cha kuchomea kinundu kiwe chekundu, kizungushwe mpaka pete ya rangi ya shaba ionekane pande zote. Kikibaki kipande, pembe itaota tena imepinda. Omba na meloksikamu, dawa ya maumivu, maana ganzi huisha baada ya saa chache na maumivu yanabaki.

(Wenye mbuzi msiige vipimo hivi. Fuvu la kitoto cha mbuzi ni jembamba, na ganzi ikizidi inamuua.)

Mtamba, kama anawachoma wenzake kwa pembe, daktari amkate ncha tu, pale pasipo na damu. Ikilazimu kuzitoa zote, ngojeni kipupwe, nzi wakipungua.

Ndama wako amebakiwa na kama wiki 3 kabla kinundu hakijashika mfupa. Mpigie daktari kesho.