Maswali ya Wasomaji: Uvimbe wa kibofu unaokua kwenda ndani

SWALI: Shikamoo daktari. Mjomba wetu wa Nachingwea, miaka 61, alikojoa damu bila maumivu. Akapewa dawa ya kichocho, damu ikarudi. Mtwara walimwingiza kamera wakakwangua uvimbe kwenye kibofu. Majibu yanasema ni saratani ya awali, "inakua kuelekea ndani", na kwamba misuli haimo kwenye vipande. Kama ni ya awali, mbona imekwenda ndani? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Marahaba. Kukua kwenda ndani si lazima kuwe ni kupenya. Uvimbe mwingi wa awali huchipua kuelekea kwenye mkojo, una vitawi kama matumbawe. Michache hujikunja na kuzama, lakini bado imefungwa na mpaka wa utando. Mpatholojia, daktari anayesoma vipande kwa hadubini, hutazama ukingo wa uvimbe. Vinundu vipana vyenye ukingo laini, vinavyosukuma bila kupasua, ni hatua iitwayo Ta, yaani haijapenya. Ukingo ukivunjika, vishada vidogo au seli moja moja zikatawanyika kwenye tishu ya chini, hiyo ni hatua ya T1: imepenya, ila haijafika kwenye misuli.

Kosa hutokea hapa. Kipande kikikatwa kimshazari, uvimbe usiopenya huonekana kana kwamba umepenya. Kikiunguzwa na waya wa umeme, seli hupondeka zisisomeke. Kuna na aina ya vishada ambayo seli zake zimetulia mno, karibu za kawaida, kumbe huchimba hadi kwenye misuli. Aina bapa nayo haina uvimbe kabisa: kamera huona wekundu tu, au isione kitu. Bapa ni ya daraja la juu, yaani seli zake ni kali, hata ikiwa haijapenya, na hapo kupima seli za mkojo husaidia.

Kwa mjomba, linalonisumbua zaidi ni hiyo misuli ya ukuta wa kibofu. Bila misuli hakuna awezaye kusema kwa uhakika kwamba saratani haijaifikia. Ulizeni mambo mawili: ni Ta au T1, na daraja ni la chini au la juu? Ikiwa ni Ta ya daraja la chini, kukosekana kwa misuli si tatizo kubwa. Ikiwa ni T1, au daraja la juu bila misuli, kibofu hukwanguliwa upya, kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 6. Safari hiyo mwombeni daktari aweke kitako cha uvimbe kwenye chombo chake, kiandikwe hivyo. Fomalini ya asilimia 10 iwe walau mara 10 ya ujazo wa kipande. Maji ya bomba huozesha.

Mkitaka maoni ya pili Muhimbili au Ocean Road, msibebe karatasi pekee. Ombeni slaidi pamoja na vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta.

Kuhusu kichocho: prazikwanteli huua minyoo, haigusi uvimbe. Huku kwetu kusini mayai ya kichocho kwenye mkojo si ajabu, na kichocho cha miaka mingi chenyewe huleta saratani ya kibofu, hasa ya seli za skwamasi (hii si ile aina bapa niliyotaja juu). Kwa hiyo hata mayai yakionekana, mtu wa umri wake ambaye damu imerudi baada ya dawa bado anahitaji kamera.