Kibali mkononi, korongo linakwisha

Maswali ya wasomaji. Anajibu Mzee Karani, Dodoma

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Nasoma sosholojia hapa Dodoma, na nataka utafiti wangu uhusu uhalifu wa mazingira. Wenzangu wananicheka, eti uhalifu ni wizi na mauaji. Kilichonisukuma ni shangazi yangu, aliyekuwa na bustani ya mchicha kando ya korongo, nje kidogo ya jiji. Maofisa waliing'oa kwa sheria ya mita 60, ile inayozuia shughuli karibu na ukingo. Korongo hilohilo malori yanachota mchanga tangu alfajiri, na ukiuliza unaonyeshwa kibali. Mhalifu hapo ni nani?

JIBU: Marahaba binti. Waache wacheke. Nimekuwa karani wa mahakama hadi nastaafu, na kwenye rejista zangu mhalifu wa mazingira alikuwa na sura moja: kijana, baiskeli, magunia ya mkaa nyuma. Mwenye tipa sikuwahi kumwandika. Rejista inakuambia nani alikamatwa. Nani aliharibu, hiyo ni habari nyingine.

Fani unayoitafuta ipo, inaitwa kriminolojia ya kijani, yaani elimu ya uhalifu na madhara dhidi ya mazingira. Mmarekani Michael Lynch aliipigia debe mwaka 1990. Wataalamu wa fani hiyo wanasema uharibifu mwingi una muhuri wa ruhusa, hivyo wao huanza na madhara: nani kaumia, nani kafaidika. Rob White wa Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, anauliza pia nani ahesabiwe kuwa kaumia: watu tu, au na mito, udongo na wanyama? Mhadhiri wako atalipenda swali hilo. Shangazi yako, sidhani.

Wenzako wakitaka mfano, wapelekee Abidjan, Côte d'Ivoire. Agosti 2006 taka zenye sumu zilishushwa kutoka meli ya Probo Koala na kumwagwa sehemu mbalimbali za jiji, na maelfu ya watu wakakimbilia hospitali. Kampuni ya palepale iliyozimwaga ilikuwa na leseni, tena ya wiki chache tu.

Sasa korongo lenu. Mita 60 zipo kweli, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa ajili ya kulinda kingo za mito, maziwa na mabwawa. Lakini wewe ni mtoto wa huku, unajua mchanga wa korongo ndio tanki letu. Mvua zikikatika, maji hubaki chini yake, na ikifika Agosti watu wanafukua humo kwa mikono kujaza ndoo. Ukiuchota wote, mvua ijayo inapita mbio na kumega kingo. Mchicha ukingoni ni kosa, koleo ndani kabisa ni biashara! Na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, kila kiwanja kinataka mchanga.

Kwa hiyo kibali kisikutishe, omba ukisome. Kinaruhusu wapi, kina gani, hadi lini? Tathmini ya athari kwa mazingira ilifanyika? Wakichota nje ya mipaka yake, mhalifu unaye kwa sheria iliyopo. Wakichota ndani ya mipaka na visima bado vinakauka, umepata sura nzima ya utafiti: madhara yaliyoruhusiwa, na aliyeyaruhusu. Wapakiaji waachie heshima yao. Ni vibarua, wanalipwa kwa tripu.

Uwe mwangalifu na upande wa pili pia. Kwetu Kondoa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa yote kwenye vilima vilivyoliwa na mmomonyoko. Miti ilirudi, sibishi, nimeiona. Ila mwenye ng'ombe ndiye aliyehama au kuuza, na sijasikia mtu akiliita hilo madhara.

Shangazi yako naye asikae kimya. Kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo kinampa haki ya mazingira safi na salama, cha 5 kinamruhusu kuidai mahakamani. Aende kituo cha msaada wa kisheria na picha za kingo, zenye tarehe, kabla ya mvua za Desemba. Zikishanyesha, kila mtu atasema korongo limejimega lenyewe.