Wanja wa manga kwenye maabara: makosa yanayoficha risasi

Msomaji mmoja anayefanya kazi maabara ameniandikia. Alipima wanja wa manga kuona kama una risasi, ile metali yenye sumu, kwa vile vijiti vinavyouzwa kwa kupima rangi za kuta, rangi haikubadilika, akamwambia mama aendelee kumpaka mtoto. Anauliza kama alikosea. Ndiyo, umekosea ndugu yangu, na inaniuma kwa sababu kosa hili ni jepesi mno kufanya.

Wanja wa manga wa asili ni jiwe la galena lililosagwa, yaani risasi iliyoshikana na salfa. Galena safi ni risasi kwa asilimia 86.6 ya uzito wake. Haiyeyuki kirahisi, na vijiti vya kubadilika kuwa vyekundu vinahitaji risasi iliyoyeyuka, kwa hiyo vinanyamaza. Vijiti vya aina ya pili huwa vyeusi vinapokutana na risasi. Kwenye unga mweusi utaona nini?

Wala usitegemee jina au boksi. Chini ya jina moja utakuta galena, masizi ya taa, au mchanganyiko. Unga mzito unaometa unatia shaka, lakini unga kuwa mwepesi si uthibitisho kwamba hauna risasi. Mwaka 2011 huko Boston, Marekani, mtoto wa miezi 6 mwenye asili ya Nigeria alikutwa na risasi kwenye damu, na tiro, yaani wanja wa Nigeria, aliyopakwa machoni ilikuwa na risasi asilimia 82.6.

Anza na mashine ya eksirei ya mkononi, inayotambua metali zilizo ndani ya sampuli. Saga sampuli kwenye kinu cha kauri, jaza kikombe chenye utando mwembamba kwa kina cha sentimita 1 au zaidi, pima sekunde 60 mara tatu huku ukikizungusha kikombe. Mashine ikiwa kwenye mpangilio wa udongo, risasi nyingi namna hii inavuka uwezo wake na namba inakuwa ya uongo. Weka mpangilio wa madini. Halafu kuna mtego wa aseniki, sumu nyingine: mstari wake mkuu, yaani alama inayoitambulisha kwenye mashine, uko kwenye 10.54 keV (kipimo cha nishati ya eksirei), na wa risasi kwenye 10.55. Mashine inaweza kukutangazia aseniki ambayo haipo. Angalia mstari wa pili wa risasi, 12.6, na wa aseniki, 11.7, ndipo uandike ripoti. Kuitia familia hofu ya sumu mbili wakati ipo moja ni uzembe.

Ukienda kwenye asidi, yaani kuyeyusha sampuli ili uipime, gramu 0.1 inatosha. Asidi ya nitriki kali na ya moto huigeuza galena kuwa salfeti ya risasi, mashapo meupe yanayotulia chini. Wengi huyachuja na kuyatupa, kumbe wametupa risasi yenyewe! Tumia asidi iliyozimuliwa, na mashapo yakitokea yayeyushe kwa amonia asetati, kisha uyapime pamoja na maji ya juu.

Sasa hesabu: gramu 0.1 ya galena kwenye mililita 100 inatoa takribani miligramu 866 za risasi kwa lita. Zimua mara 1,000 kabla ya kuingiza kwenye mashine ya ICP, inayopima metali zilizoyeyuka kwenye kimiminika. Usipofanya hivyo, risasi inabaki kwenye mirija na sampuli inayofuata, ambayo ni masizi matupu, itaonekana ina sumu. Pima masizi kwanza, galena mwisho, na kati ya sampuli osha kwa asidi ya nitriki ya asilimia 2, kisha pima maji matupu mpaka namba irudi chini.

Kuhusu yule mtoto uliyeniandikia habari zake, mama aache wanja leo, asingoje majibu. Watoto hulamba vidole walivyofikichia macho, na miili yao hufyonza risasi zaidi kuliko ya watu wazima. Apimwe damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe inapofika mikrogramu 5 kwa desilita. Damu itolewe kwenye mshipa. Ikitolewa kidoleni, wanja uliobaki kwenye ngozi utaingia kwenye tone na kupandisha namba, kwa hiyo kama hakuna njia nyingine, mkono uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kuchomwa.